Kuongoza Kipindi cha Zaburi ya 50 Kabla ya Sikukuu ya Mavuno

Makanisa mengi ya Dodoma hufanya sikukuu ya mavuno mtama na uwele ukishapurwa na kuingia ghalani. Madebe ya nafaka, alizeti, karanga, maboga, kuku waliofungwa miguu na mbuzi mmoja mmoja hupangwa mbele, na ibada ikiisha mnada unaanza hapo hapo uwanjani. Wiki inayotangulia siku hiyo ndiyo wiki ya kuisoma Zaburi ya 50 katika jumuiya, kwa sababu inasema na watu wenye mazizi, wenye sadaka mkononi na wenye nadhiri ambazo hazijatimizwa. Viongozi wengi huikwepa. Wengine wanaona kama inaikataa sadaka, basi wanairuka. Wengine wanachomoa mstari wa 14 peke yake, "mtimizie Aliye juu nadhiri zako", na kuutumia kudai ahadi za ujenzi. Wote wamesoma kipande tu.

Mwongozo huu ni wa kipindi kimoja cha dakika 90 kwa watu 8 hadi 20. Wakizidi hapo, gawa makundi mawili. Watu wanatakiwa kuonana usoni.

Ijue kesi kwanza

Zaburi hii ina mistari 23 nayo imepangwa kama shauri. Mstari wa 1 hadi 6 ni kuitwa kwa baraza: Mungu anaiita nchi toka maawio ya jua hata machweo, anaziita mbingu zishuhudie, kisha anaagiza watu wa agano wakusanywe. Wa 7 hadi 15 ni shtaka la kwanza. Wa 16 hadi 22 ni shtaka la pili. Wa 23 unafunga yote mawili kwa pamoja. Mbingu na nchi kuitwa kusikiliza si jambo la zaburi hii peke yake. Utalikuta pia mwanzoni mwa Kumbukumbu la Torati 32 na Isaya 1, na katika Mika 6 milima na misingi ya nchi ndiyo inayoitwa.

Aliyewahi kuhudhuria baraza la kata wakati shauri la ng'ombe walioingia shambani linasikilizwa atauelewa mpangilio huu bila shida: yupo anayelalamika, yupo anayelalamikiwa, wapo mashahidi, yupo mwenyekiti. Ila hapa mlalamikaji na hakimu ni mmoja, tazama mstari wa 6 na wa 7. Tena mlalamikiwa hasemi neno hata moja, toka mwanzo hadi mwisho. Likumbuke hilo, kwa sababu ndilo litakalokuongoza namna ya kusoma na namna ya kufunga kipindi.

Anayeshtakiwa si mpagani wala mwabudu sanamu. Mstari wa 5 unamtaja waziwazi: ni wacha Mungu waliofanya agano "kwa dhabihu". Agano hilo lilifungwa Sinai kwa damu ya ng'ombe, habari yake iko Kutoka 24. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba zaburi hii inapinga utoaji, mrudishe mstari wa 5. Agano lenyewe limesimama juu ya dhabihu. Mtunzi naye anatajwa juu ya zaburi: Asafu, ambaye jina lake liko juu ya zaburi 12, yaani hii ya 50 na zile za 73 hadi 83. Katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza 16 yeye ndiye mkuu wa waimbaji mbele ya sanduku la agano, na ndiye apigaye matoazi. Lawama juu ya ibada, basi, imetoka kwa kiongozi wa kwaya. Wanakwaya wenu waambiwe hilo mapema, wasije wakadhani wanasomewa wengine.

Maandalizi ya siku mbili kabla

Hakikisha wote watafungua zaburi ile ile. Vitabu vinavyofuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini huiita hii ya 49, au huandika namba zote mbili, kwa kuwa katika hesabu hiyo Zaburi ya 9 na ya 10 zimeunganishwa. Jumuiya yenye Waanglikana, Walutheri na Wakatoliki pamoja inaweza kupoteza dakika kumi hapo bure. Chanzo kingine cha makosa ni hesabu ya amri kumi: kwa Mwanglikana amri ya wizi ni ya nane, kwa Mkatoliki na Mlutheri ni ya saba. Ukifika mstari wa 18, zitaje amri kwa maneno yake, usizitaje kwa namba.

Chagua wasomaji watatu na uwape nafasi ya kufanya mazoezi. Wa kwanza ni msimulizi: anasoma mstari wa 1 hadi wa 6, na baadaye yale maneno ya kuanzia mstari wa 16, "Bali mtu asiye haki, Mungu amwambia". Wa pili anasoma maneno ya Mungu, yaani wa 7 hadi wa 15, kisha yaliyobaki ya 16 hadi wa 23. Wa tatu ni mzee au mama anayesoma Cigogo vizuri. Yeye atasoma mstari wa 9 hadi wa 11 katika Biblia ya Cigogo, kundi likishasikia zaburi nzima. Maneno ya mazizi, mabeberu na milima yanaingia kwa njia nyingine yakisemwa kwa lugha ya nyumbani.

Usimpe mchungaji sehemu ya maneno ya Mungu, na usimpe mtunza hazina. Watu watasikia cheo kikiwadai, hawatasikia zaburi. Mama mwenye sauti ya taratibu anafaa kuliko kijana asomaye haraka.

Kusoma: dakika 15

Someni zaburi nzima mara moja kwa tafsiri moja. Union Version inafaa kusomwa kwa sauti. Mwenye tafsiri ya Habari Njema afuatilie kimya. Baada ya mstari wa 15, nyamazeni dakika nzima. Baada ya wa 22, dakika mbili, ndipo mstari wa 23 usomwe. Huo ukimya ni nafasi ya mshtakiwa ambaye hakujibu.

Hapa ndipo kipindi huharibika mara nyingi. Ikipita nusu dakika mtu anadhani kiongozi amesahau, anaanzisha pambio, wengine wanapokea, na zaburi imekwisha hapo. Tangaza kabla ya kuanza: "Ndugu zangu, tutanyamaza mara mbili. Pambio litakuja mwisho." Simu zizimwe pia.

Shtaka la kwanza: dakika 25

Anza na mstari wa 8 na uusome mara mbili. Mungu anasema hawakemei kwa ajili ya dhabihu zao, na kwamba kafara zao ziko mbele zake daima. Idadi haina kasoro, ratiba haina kasoro. Waulize: "Kama sadaka zipo na zinaonekana, kosa liko wapi?" Usijibu wewe.

Kisha nenda mstari wa 9 hadi wa 13. Ukiwa na mfugaji katika kundi, mgeukie yeye kwa heshima yake: "Mzee wangu, mtu akiingia zizini mwako usiku, akamtoa beberu wako mwenyewe, asubuhi akakuletea kama zawadi na kusubiri umlipe fadhila, utamjibuje?" Mwache aongee kwa urefu. Watu wakicheka, vizuri, maana mstari wa 12 una kejeli ndani yake: "Kama ningekuwa na njaa singekuambia." Kicheko kikitulia, uliza swali la pili: ni kwa mambo gani sisi huonyesha kwamba tunamdhania Mungu ana njaa? Majibu ya kawaida ni kutoa ili jina lisomwe, kutoa ili mtoto afaulu, kutoa ili kesi iishe. Yaandike matatu tu. Orodha ikiwa ndefu watu wanaanza kuhesabu makosa ya madhehebu mengine.

Maneno "makundi juu ya milima elfu" yana matumizi mabaya yaliyoenea: mhubiri anayageuza kuwa ahadi ya utajiri, kwamba Baba ana ng'ombe wengi basi na wewe utapewa. Zaburi inayasema kwa kusudi jingine kabisa. Kila mnyama ni wake, kwa hiyo huna cha kumnunulia.

Mzee mmoja anaweza kuleta habari ya matambiko ya mvua. Sikiliza, shukuru, lakini usitumie kipindi huko. Washtakiwa wa zaburi hii walikuwa wanatoa dhabihu halali kwa Mungu wa kweli. Kuwajadili watu wa tambiko ni njia nzuri ya kujitoa sisi kizimbani.

Mstari wa 14 na wa 15 unaagiza mambo matatu: shukuru, timiza nadhiri, niite siku ya mateso. Dhabihu ya shukrani ina sheria yake katika Mambo ya Walawi 7, na inafaa kuisoma polepole. Pamoja na mnyama ililetwa mikate isiyotiwa chachu iliyokandwa kwa mafuta, mikate myembamba iliyopakwa mafuta, na mikate iliyotiwa chachu pia. Nyama yake ilipaswa kuliwa siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Ya nadhiri au ya hiari iliruhusiwa hadi kesho yake. Ikifika siku ya tatu, iliyobaki ilichomwa moto. Sasa waulize wenye mifugo: fahali mmoja anamalizwaje na nyumba moja kwa siku moja? Hamalizwi. Lazima uwaite majirani. Ndiyo maana Zaburi ya 22, mtu anapotimiza nadhiri zake mbele ya kusanyiko, mstari unaofuata unasema wapole watakula na kushiba.

Kuhusu nadhiri, mseme ukweli. Nadhiri ya Biblia mtu aliiweka mwenyewe, mara nyingi akiwa katika shida, kama Hana alipoomba mtoto. Kumbukumbu la Torati 23 inasema aliyeahidi asikawie kutimiza, na papo hapo inasema asiyeweka nadhiri hana dhambi. Bahasha ya ahadi aliyoandikiwa mtu mbele ya watu wakati mnadishaji anapaza sauti si kitu kile kile, na kiongozi asilazimishe mstari wa 14 uibebe. Aliyeahidi kwa hiari, huyo mstari unamhusu sawasawa.

Mwaka wa njaa, mtu atasema mvua imekatika kwa sababu ya hukumu. Kanda hii ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili, na ukavu wa katikati ya msimu hupiga mashamba ya wema na ya waovu. Zaburi ya 50 inataja makosa yake kwa majina, na mvua haimo. Jibu fupi linatosha: "Hapa mvua haikutajwa, siku ya mateso tumeambiwa tuite." Kisha endelea.

Shtaka la pili: dakika 20

Mstari wa 16 na wa 17 unawahusu wanaolitaja agano kwa kinywa na kuyatupa maneno nyuma yao. Hao ni watangazaji: mhubiri, katekista, mwalimu wa Shule ya Jumapili, kiongozi wa kipindi hiki. Liseme hilo kwanza wewe mwenyewe, kabla mwingine hajalisema.

Mstari wa 18 hadi wa 20 unagusa amri tatu: wizi, uzinzi, uongo juu ya mwenzako. Tazama namna wizi unavyosemwa. Haisemi uliiba, inasema ulipomwona mwivi ulikuwa radhi naye. Hapo mifano ya kwetu ni mingi. Mnunuzi anafika kijijini na debe lililogongwa ndani likatanuka, au anashindilia lumbesa juu ya gunia na kulipa bei ya gunia. Jirani anajua, anakaa kimya kwa kuwa naye atapata kamisheni. Mwingine ananunua simu mnadani kwa bei ya kutupa na hataki kuuliza imetoka wapi. Jumapili wote wanaimba. Uliza: "Katika biashara ya mavuno mwaka huu, ni wizi gani tumekuwa radhi nao?" Swali hili lijibiwe kwa vitendo, bila majina.

Wizi na uzinzi vimegawana mstari mmoja. Ulimi umepewa miwili mizima, wa 19 na wa 20, na msengenyaji anaonekana amekaa, ametulia kabisa, anamsema mwana wa mama yake. Hapa kundi lenyewe linaweza kuutimiza mstari wa 20 likiwa linaujadili. Dalili yake ni sentensi inayoanza "wapo watu humu ndani". Usigombe. Sema, "Asante, mama. Tusome tena wa 20," na msomaji asome. Ikitokea mara ya pili, nenda moja kwa moja mstari wa 21.

Mstari huo wa 21 ndio ufunguo wa zaburi yote: "nami nikanyamaza, ukadhani ya kuwa Mimi ni kama wewe." Mashtaka mawili yalionekana mbali mbali, moja la madhabahuni na jingine la mtaani, kumbe kosa ni moja. Wa kwanza anadhani Mungu ana njaa kama mtu, basi anamlisha. Wa pili anadhani Mungu hufumba macho kama mtu, basi anaendelea. Wape watu nafasi wagundue wenyewe: wasome tena wa 12, kisha wa 21, na uulize yanafanana wapi. Katika kundi la watu 15 kwa kawaida yupo atakayeliona, mara nyingi mtu asiyezoea kusema.

Mstari wa 22 una ukali wa simba anayerarua. Usiupazie sauti, na usiuelekeze kwa mgonjwa, aliyefiwa au watoto. Neno "nisije" lenyewe linaonyesha muda bado upo, na mstari wa 23 unafuata na mlango wazi kwa mambo mawili: shukrani, na mwenendo uliotengenezwa.

Jibu la mshtakiwa: dakika 15

Zaburi inayofuata ndiyo inayojibu. Ya 51 ina jina la Daudi, wala haikuandikwa kama mwendelezo, lakini ikisomwa mara baada ya ya 50 inakaa mahali pake. Mpango wa zamani wa Kianglikana wa kumaliza Zaburi zote kwa siku 30 nao unaziweka pamoja, asubuhi ya siku ya 10.

Someni 51:1-4 na 51:15-19, kisha mfuate jambo moja tu. Katika 50:8 kafara ziko mbele za Mungu daima. Katika 50:21 makosa yanapangwa mbele ya macho ya mtu. Katika 51:3 mtu anasema dhambi yake "i mbele yangu daima". Tulikuwa tunaangalia sadaka, Mungu akapanga kingine mbele yetu, na mtu mwenye akili akakitazama. Usiishie mstari wa 17 wa roho iliyovunjika, kama wengi wanavyofanya; mstari wa 19 unarudisha mafahali juu ya madhabahu. Toba haikufuta sadaka.

Dakika 15 zilizobaki kila mtu aandike, au ashike moyoni, mambo matatu: shukrani moja yenye jina, nadhiri moja aliyoiweka kwa hiari, na mwenendo mmoja wa kurekebisha kabla ya sikukuu. Karatasi zisikusanywe. Anayetaka kurudisha kitu cha mtu akirudishe kwa mwenyewe, asikilete kanisani. Mtu akianza kuungama jambo zito hadharani, la mali ya umma au la kumdhuru mtoto, msimamishe kwa upole na mkutane faragha siku hiyo hiyo pamoja na mchungaji. La kumdhuru mtoto halimalizwi na kanisa, linapelekwa polisi au ustawi wa jamii. Sasa pambio liimbwe.

Siku yenyewe ya mavuno

Ongea na wazee wa kanisa mapema juu ya mambo machache. Shukrani isemwe kwa mdomo kabla ya kapu kupita: watu watatu, dakika mbili kila mmoja, wakitaja tendo wala si kiasi. Asiye na kitu aalikwe kwenda mbele pamoja na wengine, kwa sababu mstari wa 23 haumdai mbuzi. Viwango visisomwe kwa majina.

Na kabla mnada haujaanza, tengeni sehemu ya kupikwa na kuliwa siku hiyo hiyo, wajane na wasio na shamba wakiwa wa kwanza kupakuliwa. Nyama ya mbuzi kilo 12 inatosha watu 48 kwa robo kilo kila mmoja, na ugali wao unahitaji unga kilo 10 hadi 12. Achinjwe mapema asubuhi. Akichinjwa baada ya ibada, chakula kinaiva jioni na wanaotoka mbali, wale wazee waliotembea kwa miguu, wameshaondoka.

Jumuiya ikitaka wiki nyingine, chukueni Zaburi ya 81. Ni ya Asafu pia, nayo ni ya sikukuu yenye matari, kinubi na baragumu. Mstari wa 8 unaanza karibu sawa na 50:7. Wiki ya tatu inafaa Zaburi ya 15, mistari mitano tu, ambayo inamuuliza anayetaka kukaa hemani kwa Mungu habari za ulimi wake na fedha alizokopesha. Hiyo haihitaji zaidi ya dakika 45.